Nilivyoichomoa Flashi Mitunguu

Nilisafiri kutwa nzima kutoka Kitale hadi Mitunguu, nimeazimia kuifufua kompyuta kuukuu ya kikundi cha wakulima wa ndizi kwa Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliokuwa kwenye flashi yangu. Iliwaka upesi, nikajisifu kama daktari bingwa. Kwa siku tatu bila kuizima, katibu, Mama Kendi, aliandika humo majina ya wanachama yaliyosubiriwa na mnunuzi.

Siku ya kuondoka, mbele ya mkutano, niliaga ili niwahi basi la Embu kuelekea Kitale, nikachomoa flashi. Skrini ikawa nyeusi. Kumbe sikuwa nimeiweka Linux ndani ya mashine; ilikuwa ikiendeshwa kutoka kwenye flashi tu bila kuhifadhi chochote, na kazi yote ikapotea.

"Wapi majina ya watu?" Mama Kendi akauliza.

Nikamweleza ukweli.

"Fundi, weka begi chini. Basi ya Embu itaenda bila wewe."