Matrekta Mawili ya Mindra

Ukifika Aroi, kijiji chetu karibu na Arua, ukamuulizia Mindra, watu watakuuliza, "Mindra wa vyuma?" Sema ndiye. Watakuonyesha kijia kinachopita nyuma ya kanisa, nawe utajua umefika ukiona kuku wametaga ndani ya boneti ya gari lililokufa zamani. Boma hilo ni langu pia, na ndiyo maana nalitaja kwa uchungu. Mimi ni Viktoria, mke wa kaka yake, na tangu nilipoolewa hapo sijawahi kuanika mihogo mahali pasipo na tone la mafuta ya injini.

Shemeji yangu huyu ni mwembamba, ana sauti ya upole, na ni mbishi kuliko mbuzi aliyegoma barabarani. Ufundi aliupata katika gereji moja mjini Arua, akifungua malori yaendayo Sudani na Kongo. Siku moja alirudi nyumbani na trekta dogo jekundu la Mchina, lile la magurudumu mawili ambalo mtu hulishika mikono na kutembea nyuma yake. Kijiji kilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kabla hatujamaliza kucheka akaleta la pili, la buluu, kuukuu, la Mjapani, lenye magurudumu manne na kiti cha kukalia. Mkewe, Pasca, alishika kiuno akanitazama. Tulikuwa tumeomba choo kipya.

Tangu hapo watu hawaishi kuja kwetu. Wanatoka Mvara, wanatoka mjini, wanatoka hata ng'ambo ya mpaka, wote na swali moja: lipi ni bora? Wanakuja wakitaka kusikia jina moja tu wakanunue. Mindra hawapi jina. Anawapa kigoda, kisha anaanza kuwauliza yeye.

"Shamba yako iko na mawe? Iko na mlima? Maji inasimama? Nani atashika hiyo mashini, wewe ao mtu ya kuajiri?"

Kisha anawaeleza. Jekundu linakunywa dizeli kidogo, na vipuri vyake unavipata hata kwa muuza misumari. Likichemka unaliona, maana maji yake yanatoa moshi kama birika. Lakini linatikisa mikono mpaka jioni unashindwa kushika kikombe cha chai, na mteremkoni linataka kukukimbia. La buluu ni tulivu, linalima kwa kina, mtu anakaa juu yake kama bwana harusi. Tatizo lake ni kwamba haliugui hadharani. Siku linapoonyesha maumivu limeshaharibika ndani, na kipuri chake kiko Kampala, au hakiko kabisa. Hapo Mindra hukata raba ya tairi la lori kwa kisu akatengeneza sili yake mwenyewe, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, na nimeona sili hizo zikidumu kuliko za dukani. Nasema nimeona kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namsemea maneno ya kejeli akizikata.

Mtu akimbana sana, "Wewe unapenda gani?", anacheka. "Ile iko mbovu leo," anasema, "ndio napenda."

Lakini kitu kilichonifanya nimheshimu si spana zake. Kwetu, mtu akitaka kufungua shamba huita majirani. Mkewe hupika kwete, pombe yetu ya mahindi, watu hulima asubuhi, kisha hukaa pembeni ya shamba wakanywa. Kulima ndiko kunakokupa haki ya kunywa. Sasa trekta lilipoingia, watu waliendelea kupika kwete vilevile, maana nani anafungua shamba bila watu? Majirani wakaja na majembe yao, wakakuta udongo umeshageuzwa wote. Wakasimama. Hakuna aliyethubutu kugusa kibuyu, kwa sababu hakuna aliyetoka jasho. Wakarudi makwao na aibu, na mwenye shamba akabaki na pombe nzima na aibu kubwa zaidi. Ilitokea mara kadhaa, na watu wakaanza kununiana.

Mindra hakuhutubia mtu. Alianza tu kuacha kipande. Akilima shamba lako, upande mmoja huacha nyasi zimesimama, mahali panapowatosha majirani wako kulima asubuhi moja na kuchoka vizuri. Hakuna aliyemwagiza. Watu walielewa siku ileile, na kwete ikanywewa. Nilipoliona hilo nilinyamaza, jambo ambalo Pasca husema hutokea kwangu kwa nadra sana.

Kipande hichohicho ndicho kilichotuletea balaa la Koboko.

Poni ni mama wa watoto watatu, mkimbizi kutoka upande wa Yei, ng'ambo ya mpaka, anayeuza samaki wakavu sokoni Koboko, mji ulio mbali na kwetu. Mzee mmoja wa huko, Tongun, alimkubalia alime shamba lake lililolala nje kidogo ya mji. Lakini mzee alikuwa ameshaumwa. Aliwahi kuwapa watu ardhi, wakalima kona moja, zingine zikageuka msitu. Kwa hiyo alimwekea Poni sharti: shamba lote lifunguliwe kabla hajapita kulikagua Jumamosi. Akikuta kipande hakijaguswa, shamba linarudi kwake, na kuna wengine wanalingoja. Poni alisikia habari za Mindra, akampigia simu, na shemeji yangu akaenda mpaka kule na trekta la buluu. Alilima vizuri, akaacha kipande kama kawaida yake, akaagana naye akarudi.

Hakumweleza chochote. Kwake kipande ni kama salamu. Nani anaeleza salamu?

Poni alikiona kipande akafikiri yake. Mindra, kwa maringo yake ya kulinganisha mashine, alikuwa amemsimulia juu ya trekta jekundu la nyumbani. Basi mama wa watu akaamini kwamba sehemu ile ni ya lile jekundu, na kwamba litakuja. Akangoja. Ijumaa asubuhi lilikuwa bado halijaonekana, akachukua jembe mwenyewe. Nyasi za pale ni zile zenye mizizi inayoshikana chini kama mkeka. Alilima mpaka viganja vikachubuka, akaona amemega ukingo tu. Hapo ndipo alipopiga simu.

Nilikuwa hapohapo, nachambua maharage, kwa hiyo nilimsikia mwenyewe, maana simu ya Mindra hupaza sauti kama redio.

"Fundi, ile nyekundu itakuja lini? Mzee anakuja kesho."

"Nyekundu ya nini, mama? Hiyo sehemu mimi naachia watu yako."

Kisha Poni akasema, bila hasira, "Fundi, mimi hapa sina watu."

Nilimwona Mindra akikaa chini, palepale kwenye mchanga, na ovaroli yake. Mtu anayeuza sokoni kutwa hana siku ya kwenda kulima kwa wenzake, na asiyekwenda kwa wenzake hana wa kumwita. Sisi sote tunalijua hilo, ila hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba yuko mtu ambaye kipande kile kingekuwa mzigo kwake.

"Si uende na trekta?" nikamwambia. "Kazi ya kufumba na kufumbua!"

Alinionyesha kwa kidevu. Jekundu lilikuwa limelala chini ya paa la mabati, kichwa cha injini kimefunguliwa, gasketi yake ikisubiriwa kwa basi kutoka Kampala. La buluu lilikuwa linatembea, lakini juzi, akilima hapa Aroi, visu vyake viligonga jiwe lililojificha na gia zake za kulimia zikameguka meno. Lingeweza kuvuta tela. Kulima, hapana. Matrekta mawili uani, na hakuna hata moja la kugeuza nyasi! Ningecheka kama si ile sauti ya Poni iliyokuwa bado masikioni mwangu.

"Basi mwambie azungumze na huyo mzee," nikasema. "Ni makosa yake, angeuliza."

"Hapana, shemeji," alijibu. "Makosa iko ya mimi. Mimi ndio niliacha ile kipande."

Akaosha mikono akatoka. Nilimfuata kwa sababu nilitaka kuona wazimu wake utafika wapi. Ulifika kwa Dramadri, jirani yetu, ambaye kesho yake ndiyo ilikuwa zamu yake ya kulimiwa na majirani. Kwete yake ilikuwa imeiva, majirani wameshapeana taarifa. Mindra alimweleza habari ya mzee na Jumamosi, akamwomba vyote viwili, watu na pombe, aende navyo Koboko kwa mwanamke ambaye Dramadri hajawahi kumwona. Nilifumba macho nikingoja matusi. Dramadri si mtu wa simile.

"Huyo mama ni ndugu yako?" Dramadri aliuliza.

"Hapana. Niliachia yeye kazi, na yeye hana mutu ya kufanya."

Dramadri alikuna kidevu muda mrefu. Mindra aliwahi kumlimia shamba Dramadri alipofiwa na mama yake, na hakuna aliyemwomba. Sijui kama ndilo alilolifikiria. Alisema tu, "Shamba yangu hakuna mutu anakuja kuangalia kesho. Itangoja." Kisha akamgeukia mkewe. "Kwete iwekwe kwa jerikeni. Ile mitungi itavunjika njiani."

Nilitaka sana kubaki nyumbani. Nilimwambia Pasca kwamba mgongo unaniuma, na kwamba watu wenye akili hawatoki Aroi kwenda Koboko kulima magugu ya watu. Alfajiri nilikuwa wa kwanza ndani ya tela, na jembe langu magotini. Usiniulize.

Safari ile Mungu anaijua. La buluu lilivuta tela lililojaa watu, majembe na majerikeni, na baiskeli zilitupita. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo wakatuuliza kama tunahama. Mindra alikuwa mbele, mgongo umenyooka, anasikiliza injini kwa shingo, na kila penye mlima tulishuka kumpunguzia mzigo, tukatembea kando yake tukimtukana kwa furaha. Dramadri alilinda pombe yake kama anayelinda mahari.

Tulimkuta Poni ameinama kwenye kipande, kitambaa kimefungwa kiganjani. Aliposikia trekta aliinuka, na nilimwona akilitafuta lile jekundu kwa macho. Badala yake aliona sisi tukiruka chini mmoja mmoja. Hakuelewa. Mindra akamwendea.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mashini yote imekufa. Nimeleta watu."

Basi, hapakuwa na hotuba. Tulijipanga mstari kama tunavyojipanga kwetu, tukaanza. Udongo wa Koboko ni mgumu, nisiudanganye umma. Mara mbili jembe langu liliruka likataka kurudi Arua. Poni alijipanga kati yangu na Dramadri, na nilipomwambia akapumzishe kiganja chake aliongeza mwendo. Nilimpenda hapohapo. Mindra, fundi mkubwa wa mashine, alikuwa mwisho wa mstari akihema kama mvukuto, na wanawake wa Aroi wakamwimbia wimbo wa kumcheka mpaka akacheka mwenyewe.

Jua lilipopanda tulikuwa tumemaliza. Tukakaa ukingoni, Dramadri akafungua jerikeni la kwanza, akamkabidhi Poni kibuyu, kwa sababu mwenye shamba ndiye anayegawa. Alikuwa bado anagawa, mzee Tongun alipotokea akitembea na fimbo yake.

Hakutusalimu kwanza. Alizunguka shamba lote, polepole, akichokoa udongo kwa fimbo, mpaka akafika pale ambapo asubuhi kulikuwa na nyasi. Alisimama hapo. Kisha akatutazama, umati wa watu wasiojulikana, wamechafuka mpaka kwenye nyusi.

"Hii watu ni ya nani?" aliuliza.

Nilimtazama Mindra. Angeweza kujibu, na alikuwa na haki. Aliinamisha kichwa akajifanya anatoa mwiba kwenye kidole. Sisi wengine wote tukanyamaza, hata mimi. Poni alisimama na kibuyu mkononi, na nikaona midomo yake ikijaribu neno kabla halijatoka.

"Ni watu yangu, baba," alisema.

Mzee akapokea kibuyu kutoka mkononi mwake, akanywa, akakaa chini pamoja nasi kwenye udongo uliolimwa.

"Sasa," akamuuliza, "utapanda nini?"

"Karanga," Poni alisema. "Na mahindi, huko chini."