Kumwangalia Baba Machoni

Mimi sikuzaliwa mpole, na wanaonijua watawaambia hivyo bila kuulizwa. Nyumbani nilibishana na kaka zangu, darasani nilibishana na walimu, na mwalimu mkuu wa shule yetu ya wasichana kule Nyeri, mtawa mwenye miguu mirefu na subira fupi, aliwahi kuniambia kwamba siku nikifa nitabishana na malaika mlangoni. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba nimekaribia kukosa kazi kwa sababu naogopa kuwaangalia watu, nilikasirika kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kurudi kwetu, karibu na Karatina, nikifundisha shule ya msingi bila cheti huku nikingoja bahati. Kampuni kubwa ya kompyuta, ya kigeni, yenye ofisi zake Nairobi, ilikuwa ikitafuta vijana wa kufundishwa kuandika programu. Siku hizo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na kupulizwa hewa baridi mchana kutwa. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuiona. Mama aliiita mashine ya kufikiria, na alilitamka jina hilo kwa mashaka, kwa sababu hakuona ni nini kilichovishinda vichwa tulivyopewa.

Watu wawili wa kampuni walikuja shuleni Nyeri kutupima, sisi wanafunzi wa zamani tuliokuwa wazuri katika hisabati. Mmoja alikuwa Mzungu kijana, na wa pili Mwafrika mwenye mvi na suti ya kijivu. Walitupa mtihani wa safu za namba na maumbo, useme kinachofuata ni kipi. Niliufurahia kama mtoto anayetafuna muwa. Baada ya mtihani kila mmoja wetu aliitwa peke yake akaulizwa maswali machache, nami nikatoka nikiwa na uhakika kwamba kazi ni yangu.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Umewapita wote," aliniambia. "Lakini yule mzee anasema uliongea na sakafu tangu mwanzo hadi mwisho. Watakuita Nairobi kwa usaili wa mwisho. Amesema ukiendelea hivyo, wataiajiri sakafu."

Nilifungua mdomo nibishe, naye akanyoosha kidole. "Unaona? Hata sasa unaangalia viatu vyangu."

Alinieleza sababu ya yule mzee kulijali jambo hilo. Mashine za kampuni hununuliwa na wakubwa, mameneja wa benki na wakurugenzi wa viwanda. Ipo siku nitalazimika kumwambia mkubwa mmoja kwamba amekosea, na nikimwambia huku nikiangalia chini, hataniamini, na makosa yake yataingia kwenye mashine.

Nilikuwa na jibu, ila sikulisema. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamkazii macho mtu mzima, na zaidi ya wote mwanamume wa rika la baba yake. Mimi nilibishana sana, ni kweli, lakini siku zote nilibishana na vidole vyangu vya miguu.

Basi nikaanza mazoezi. Nilianza na ng'ombe, ambaye hakujali hata kidogo. Siku ya soko nilikwenda Karatina kumsaidia mama kuuza kabichi, nikamtazama kila mteja machoni nilipotaja bei. Hilo halikunishinda, maana sokoni mwenye kuinamisha macho huenda nyumbani na mzigo wake. Jioni nikamjaribu mama mwenyewe jikoni. Nilimkazia macho huku nikimweleza kwa nini nastahili kazi. Alivumilia kidogo, kisha akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Toa hayo macho yako, utanichachishia maziwa," alisema. Kisha akafuta machozi na kusema kama mtu mwenye akili. "Ng'ombe si mzee mwenye suti. Hata mimi si yeye. Hapa nyumbani mtu wa kukujaribu ni mmoja tu."

Nilimwambia ni afadhali nikose kazi.

Alikuwa anamsema baba. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye akikohoa uani sisi ndani tulinyamaza. Mimi ndiye binti yake wa kwanza, nikapewa jina la mama yake kama ilivyo desturi, na kwa sababu hiyo aliniita mama maisha yake yote. Hakuwahi kunipiga hata mara moja; nani anampiga mama yake? Lakini kumtazama usoni, hapana. Tukimpa chai tulimpa tukiwa tumeinama, na tukipewa ruhusa ya kuondoka tuliondoka bila kujua kama alikuwa ametabasamu.

Mama alimwambia. Sijui alitumia maneno gani, ninachojua ni kwamba siku kadhaa zilipita baba akiwa kimya kuliko kawaida yake. Kisha Jumapili moja tuliporudi kutoka kanisani hakuvua koti. Aliingia sebuleni, akabeba meza mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali ambapo mpita njia hangetuona. Akarudi kuchukua viti viwili. Akaketi, akarekebisha tai.

"Kuja. Keti hapo."

Alisema kwa Kiswahili, nami nikaelewa mara moja, na hadi leo namvulia kofia kwa jambo hilo. Sisi nyumbani tuliongea Kikuyu. Kiswahili chake alikiokota ujanani jikoni kwa Mzungu mmoja mwenye shamba huko upande wa Nanyuki, na hakukitumia kwetu isipokuwa akiwa na mgeni. Katika Kikuyu angekuwa baba anayekaziwa macho na binti yake, jambo ambalo halina heshima. Katika Kiswahili aliweza kuwa mtu mwingine kwa muda.

"Wewe nataka kazi gani?"

"Kazi ya kuandika programu," nikaiambia meza.

"Mimi niko huku juu. Meza haiandiki mtu kazi. Nimeuriza tena, nataka kazi gani?"

Nilijaribu. Macho yalipanda hadi kwenye kifungo cha koti yakagoma. Nikajaribu mara nyingine, yakafika kwenye tai. Baba akapiga meza kwa kiganja, kuku wakatawanyika.

"Leo mimi si baba yako! Mimi ni bwana mkubwa ya mashine, na niko na watu wengi wanangoja hapo inje. Ati unataka kazi, ama unataka kuhesabu siafu?"

Damu ilinichemka, na nashukuru kwamba ilinichemka, kwa maana hasira ndiyo iliyoyainua macho yangu. Nikamtazama.

Niseme ukweli: nilikuwa naijua miguu ya baba kuliko uso wake. Nilizijua buti zake, mikono yake, kofia yake na kikohozi chake. Sasa nikaona ana kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikuwahi kuhadithiwa. Nikaona kwamba ni mwanamume mzuri wa sura, na kwamba pua ninayoiona kwenye kioo kila asubuhi niliitoa kwake. Nilijivunia kuwa wake, nikiwa nimeketi pale kwenye kiti cha sebuleni katikati ya migomba. Kisha nikaona jicho lake la kushoto. Katikati, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe, kama tone la maziwa kwenye chai ya rangi.

Ndipo mambo mengi yakanijia kwa pamoja. Kwa nini siku hizi aligeuza kichwa chote akimimina kitu. Kwa nini aliacha kutusomea Biblia jioni akanikabidhi mimi, nami nikaringa kwamba nimepewa heshima. Baba alikuwa akipofuka jicho moja katikati ya watu waliomheshimu mno, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyelijua, kwa sababu hapakuwa na aliyemtazama.

"Baba, jicho lako la kushoto lina nini?"

"Hapa mimi ndiyo nauriza maswali."

"Halioni."

"Jicho yangu iko sawa. Inaona mpaka Kangema."

"Haliko sawa, baba. Unakosea."

Nyumbani kwetu hapakuwahi kusikika maneno kama hayo. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kuangalia chini, lakini nilijikaza kisabuni nikabaki pale pale, macho yangu kwenye yake. Baba hakupiga meza tena. Aliuliza kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo, kama linaonekana sana.

"Linaonekana," nikamwambia. Nikamsihi aende hospitali ya misheni. Akasema mtu akipeleka jicho hospitali huliacha huko. Nikamwambia huo ni uoga. Nilikwisha kuvuka mpaka, kwa hiyo sikuona haja ya kusimama.

Alifikiri, akarudi kwenye Kiswahili chake. "Sikia. Wewe ukipata hiyo kazi ya mashine, mimi naenda hospitari. Ukikosa, utaachana na jicho yangu, na hata mama yako hutamwambia."

Tukapeana mikono juu ya meza. Mimi ni binti wa mwanamke wa sokoni, najua biashara mbaya nikiiona, lakini hiyo ndiyo iliyokuwapo. Kisha akaendelea kuniuliza maswali hadi mama alipoita chakula, na Jumapili zilizofuata tulibeba meza tena.

Nilikwenda Nairobi nimevaa sketi ya kuazima na viatu vilivyonibana. Wasichana wengine waliokuwa wakingoja pale walizungumza Kiingereza cha puani, wakitaja mambo ya kompyuta waliyoyasoma maktaba. Mimi sikuwa nikiwaza kompyuta. Nilikuwa nikiwaza tone la maziwa, na kwamba nikishindwa nitalinyamazia hadi liwe giza.

Ndani walikuwa wale wale wawili. Yule mzee aliandika hatua kadhaa kwenye karatasi akanisukumia. Mashine ijumlishe mishahara ya wafanyakazi wa kiwanda: ichukue kadi ya mfanyakazi, isome mshahara, iuongeze kwenye jumla, irudi mwanzo kuchukua kadi nyingine. Akaniomba nimweleze Mzungu uzuri wa mpango huo.

Niliusoma. Nikausoma tena.

"Mzee, umekosea," nikasema. "Hujaiambia mashine ichunguze kama kadi zimekwisha. Itarudi mwanzo bila kikomo, na wafanyakazi hawatalipwa."

"Binti," alisema, akivua miwani polepole, "mimi nilianza kazi hii wewe ukiwa darasa la kwanza."

Macho yangu yakaanza kuteleza. Yaliacha uso wake, yakafika kwenye tai, na yangeendelea hadi sakafuni kama ningeyaachilia. Nikayavuta juu kwa nguvu zile zile za kuvuta ndoo kisimani.

"Hata hivyo," nikamwambia, "haitasimama."

Mzungu akakohoa kuficha kicheko. Mzee alichukua karatasi yake, akaandika hatua iliyokosekana bila kuhangaika, na hapo nikajua kwamba aliiacha makusudi. Kisha akaniuliza kwa Kikuyu, "Ni nani aliyekufundisha kuinua macho tangu tulipokuona Nyeri?"

"Baba yangu."

"Mpe salamu," alisema.

Niliajiriwa. Mama aliitangazia Karatina yote kwamba msichana wake ameandikwa na mashine ya kufikiria, na mtu akiuliza ni mashine gani, alimwambia hawezi kuelewa. Baba nilimkuta shambani akipogoa kahawa. Nilimpa habari na salamu. Alipangusa msumeno kwa majani, akaelekea nyumbani. Nilidhani hakunisikia vizuri. Alitoka akiwa na koti mkononi.

"Twende basi," alisema.

Upasuaji ulifanyika nikiwa nimeshaanza kazi, nikaomba ruhusa ili niwepo siku ya kufunguliwa bandeji. Nilitoka Nairobi nikiwa na nguo zangu za ofisi. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alifungua bandeji, akamvisha baba miwani minene na kufunika jicho lake la kulia kwa kiganja.

"Haya, mzee. Unaona nini?"

Baba aliangalia dirisha. Akamwangalia muuguzi, akamwangalia mgonjwa wa kitanda cha pili, taratibu, kama mtu anayekagua kahawa yake. Kisha akafika kwangu, akatulia hapo. Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu na kurudi juu.

"Naona mtu wa mashine," alimwambia daktari, kwa sauti iliyojaza wadi. "Ni msichana yangu. Huyu ariniambia mimi nakosea. Hapa mbere ya uso!" Akapiga kifua. "Na nilikuwa nakosea."

Wagonjwa wote waligeuka kunitazama. Haya ikanishika, na kwa mazoea ya utotoni nikainamisha kichwa, nikabaki nikiangalia simenti.

"Mama," baba akasema, kwa Kikuyu sasa. "Inua macho. Sikukufundisha hivyo."