Chumba Kimoja na Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Ogembo kununua mbegu, huwa naaga majirani. Kwa hiyo mke wangu, ambaye ni nesi Uingereza, alipojifungua na kutuita mimi na mama yake, kijiji kilicheka hata kabla sijapata pasipoti. Mama mkwe ni wa Sironga na Kiingereza hajui. Mimi nina kile cha kidato cha nne, basi nikawa mkalimani.

Sasa kwetu Wagusii kuna kitu tunakiita chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, na chumba anacholala mmoja, mwingine hakanyagi. Hata kwenye ndege tuliomba safu tofauti. Nilisafiri nikitazama kitambaa chake cha kichwa tu.

Tulipofika uwanja wa kubadilishia ndege, tukaambiwa ndege ya pili ni mbovu, tutaondoka kesho, na shirika litatulaza hotelini. Haya. Karani wa kaunta akanipa karatasi moja, ya chumba kimoja.

"Tuko wawili," nikasema.

"Tiketi yenu ni moja, ya familia. Vitanda ni viwili."

Nikamweleza mama mkwe kwa Ekegusii, macho sakafuni.

"Lala huko wewe," akasema. "Mimi hiki kiti kinanitosha."

"Miguu imevimba, mama."

"Imevimba, haijakatika. Na usijisumbue. Mtu anayeomba chumvi kwa jirani kwa kunong'ona, atabishana na wenye ndege?"

Alisema kweli. Mimi nikiuziwa mkate wenye ukungu, nakula upande mzuri ili nisirudi dukani. Lakini miguu ile ilikuwa imeacha shamba la chai kwa ajili ya mtoto wangu. Nikarudi kaunta. Ukutani palikuwa na tangazo la haki za abiria, nikalisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili. Kila abiria aliyecheleweshwa hadi kesho yake apewe chakula na mahali pa kulala. Kila abiria.

"Hapa hapajaandikwa tiketi," nikamwambia karani. "Pameandikwa abiria. Yule ni mama mkwe wangu, na hatulali chumba kimoja."

"Vitanda ni viwili, bwana."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi mpigie mama mkwe wako, umwambie leo mnalala chumba kimoja, ila asijali, vitanda ni viwili."

Foleni nyuma yangu ikacheka. Karani akaitupia jicho simu yake pale mezani, kana kwamba mama mkwe anasikia, kisha akachapa karatasi ya pili. Tena akatuweka ghorofa tofauti.

"Umemwambia nini?" mama mkwe akauliza.

"Nimeomba tu, mama." Maneno yenyewe ningeyarudiaje mbele yake?

Asubuhi tulikunywa chai, yeye meza yake, mimi yangu. Nikamsikia akimwambia binti yake kwenye simu, kwa sauti ya sokoni: "Nimelala vizuri, na miguu imepungua. Huyu mtu wako tulidhani ni bubu. Kumbe alikuwa anangoja jambo la maana."

Nikajifanya natafuta sukari. Chai yao ilikuwa maji matupu, lakini niliinywa nimekaa wima kama mwenye hoteli.