Misa ya Marehemu Pelagia

Barua ya Monika ilifika kijijini Kasansa, huko Mpanda, mwaka tisini na sita, Pelagia yuko shambani anapura mpunga. Monika, binti wa mama yake mdogo, alikuwa anapika kwenye hoteli moja Unguja, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Dada, aliandika, Leodgar anataka kuoa huku. Amewaambia mapadri kwamba ulikufa kwa kipindupindu. Jumapili ya mwisho ya Julai kuna misa ya kukuombea, kisha ndoa itatangazwa.

Jamani, mtu anazikwa mzima mzima! Leodgar huyo ndiye aliyemwoa kanisani mbele ya ukoo wote, akazaa naye watoto watatu, akaenda kutafuta kazi bandarini, akapotea miaka tisa bila hata salamu. Na Pelagia alishamsamehe, ndiyo maajabu yake. Kuachwa aliweza. Kuuawa, hapana. Ndoa hiyo haitafungwa, akaapa. Akawaacha watoto kwa bibi yao, akapanda treni Mpanda, siku mbili na ushee mpaka Dar, halafu boti ya Unguja iliyomtapisha njia nzima. Kila alipotapika alimlaani Leodgar upya.

Kanisa lenyewe lilimnyamazisha kidogo. Minara miwili, kuta za mawe zilizojengwa kabla babu yake hajazaliwa, vioo vya rangi, watakatifu wamechorwa mpaka juu darini. Kwao walisali chini ya mabati. Akapiga goti akamwomba Mungu radhi mapema, maana alilolijia halikuwa zuri. Monika akamwonyesha Leodgar: kanenepa, kakaa na mchumba wake Getrude. Pelagia akakaa benchi la nyuma yao, kitenge kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Misa hii tunamwombea marehemu Pelagia wa Kasansa," padri akasoma.

Leodgar akainama, akatoa leso, akajifuta macho. Mshenzi, na leso juu! Pelagia angeweza kumrukia pale pale, lakini mvumilivu hula mbivu. Akatulia, akaitikia sala zote za kuombewa yeye mwenyewe.

"Mtakiane amani," akasema padri.

Watu wakageukiana. Leodgar akageuka nyuma akitabasamu, mkono mbele. Pelagia akaupokea, na kwa mkono wa pili akashusha kitenge mabegani.

"Amani ya Kristo, mume wangu. Umeniombea vizuri. Nimekuja kushukuru."

Leodgar akauvuta mkono wake, haukutoka.

"Nani huyu?" Getrude akauliza.

"Ni mimi Pelagia, mke wake wa ndoa," akajibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kufukuza ndege wa mpunga, kanisa zima likasikia. "Marehemu wenu."

Getrude akamtazama Leodgar, akingoja akanushe. Hakukanusha. Basi akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango mkubwa. Leodgar alitaka kumfuata, lakini mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Pelagia, na mkono uliopura mpunga miaka tisa peke yake haukuwa na haraka ya kuachia.