Siku Tuliyomwinamia Rais Mgeni

Tulikuwa wanane, tumemaliza kidato cha nne na hatujapata la kufanya, na tulikuwa tumeapa jambo moja: rais yule mgeni akipita Kitengela, hatutamsalimia. Ndege zake zilikuwa zikiangusha mabomu kwenye nchi ambayo hakuna kati yetu ambaye angeionyesha kwenye ramani bila kusaidiwa. Lakini tulikuwa tumewaona watoto wa huko kwenye televisheni ya hoteli, wamejaa vumbi jeupe hadi kope, na hasira yetu ilikuwa ya kweli.

Tuliandika mabango kwa Kiingereza, asije akasingizia lugha. Yote yalimwambia aache vita.

Mwenyekiti wetu, msichana wa Kimaasai asiyependa mzaha, alitupanga kando ya barabara ya Kajiado, nyuma ya watoto wa shule waliopewa vibendera.

"Simameni wima," akasema. "Macho kwa macho. Atakayetabasamu, mimi simjui."

Msafara ukaja. Kisha, jambo ambalo hatukulipangia, gari likasimama. Akashuka mzee wa nywele nyeupe, mgongo umepinda kidogo, akaja moja kwa moja kwetu mkono ukiwa mbele.

Nadhani mwenyekiti ndiye aliyeanza. Kichwa chake kiliinama, kama kila mtoto wa huku anavyomwinamia mzee ili aguswe utosini. Wa pili akainama. Mimi, Mkamba niliyekulia mikononi mwa majirani hawa wa Kimaasai, nikainama. Mabango nayo yakainama, maandishi yakatazama vumbi.

Mgeni alifurahi ajabu! Akagusa kichwa kimoja, kingine, kingine. Wapiga picha wakaja mbio.

"Wewe, tumefanya nini?" nikamnong'oneza mwenyekiti.

"Nyamaza. Bado ananisalimia."

Mkono ukafika kwangu, mwepesi, una joto. Ulipoondoka, nikakumbuka kwamba huku mzee akishakusalimia, una ruhusa ya kuinua uso na kumweleza shida yako. Nikainua uso. Nikainua na bango.

"Mzee," nikasema kwa Kiingereza changu cha shule, "umeshatusalimia. Sasa soma."

Akasoma polepole, midomo ikisogea. Tabasamu likafifia. Alikuwa anataka kusema kitu mlinzi alipomshika kiwiko na kumrudisha garini.

Gazeti lilichagua picha ya vichwa vilivyoinama. Mama aliikata, akaibandika sebuleni, akawa anawaonyesha wageni jinsi mtoto wake alivyo na adabu.

"Mama," nilikuwa nikipaza sauti kutoka jikoni, "waambie pia alisoma!"