Birika la Fedha la Wifi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani kwangu Woodley, na siku ile ningekaa, heshima yangu ingekuwepo hadi leo. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yangu, Mwende. Wifi yangu akasema nyumba yangu itawakimbiza, tuwapokee kwake Lavington.

"Mama Mwende, leo usituaibishe," akanionya.

Nikabinua mdomo. Anionye mimi, yeye anayefungia birika kabatini kama hirizi? Birika lenyewe ni la kale, la fedha tupu ya Uingereza, lina chapa ya simba kitakoni. Alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Halijawahi kuona moto. Birika gani hilo?

Wageni walipoketi nikaliona mezani, limejaa, kando ya thamosi. Nikatumia akili yangu ya kidato cha nne: chai hukaa kwenye thamosi, kwa hivyo birika ni la maji ya kunawa. Na wifi bado yuko jikoni, wageni hawajanawa. Nani asiye na adabu sasa?

Nikaleta beseni, nikapiga goti mbele ya baba wa kijana, nikammiminia kwa madaha. Yakatoka mekundu, vuguvugu, na majani ndani. Mzee akanawa tu.

Wifi akatokea mlangoni na jagi la maji.

"Mama Mwende, hiyo ni chai. Kwenye thamosi ni maziwa."

Mzee akanusa vidole vyake.

"Na hayo maziwa, mama," akaniuliza kwa upole, "tutakunywa ama tutapaka?"