Salamu kwa Herufi Mbili

Dada yangu Phébé ana vidole vinavyofanya kazi na kichwa kisichokuwepo. Nasema hivyo kwa sababu ni yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, tumelala kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa, kwa hiyo nina ruhusa. Ukimtuma sokoni kununua sombe, majani ya muhogo, atarudi na sombe, lakini kwanza atasimama nusu saa kwenye reli akitazama behewa tupu na kujiuliza ni nani aliyekaa kwenye dirisha lile mara ya mwisho. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa ofisi ya kanisa hapa Kamina, akipiga mashine ya chapa huku macho yakiwa nje. Barua zilitoka safi, hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1999, vita ikiwa imeingia mwaka wa pili, utepe wa mashine ulikauka kabisa na mwingine haukupatikana popote. Ndipo ile ndege ndogo iliyotua kwetu kila Alhamisi ilipomletea kompyuta ya zamani, printa yenye kelele nyingi, na betri ya kuchajiwa kwa jua. Betri ilitoa nguvu kwa saa mbili kwa siku. Zikikaribia kwisha ilipiga mlio, na baada ya hapo skrini ikawa nyeusi, uwe umemaliza au hujamaliza.

Saa mbili hazikutosha hata kidogo. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia Mulongo na Malemba-Nkulu, wamepangwa katika nyumba zetu, na kila mmoja alikuwa na mtu wake Lubumbashi asiyejua kama yuko hai. Posta ilikuwa imekufa. Redio za mawasiliano zilikuwa mikononi mwa askari. Ilibaki ndege ile tu, tena askari wa uwanjani walitaka kila barua iwe imepigwa chapa na kutiwa muhuri, ili waisome bila kuumiza macho. Kila Jumatano foleni ilianzia mlango wa ofisi ikaishia kisimani, na wengi walirudi nyumbani bila barua.

Kilichokula muda ni salamu. Kwetu barua haimvamii mtu. Unaanza hivi: kwanza tunakusalimu kwa jina la Bwana, sisi wote huku tuko wazima, wakubwa kwa wadogo, watoto wanakula, wanalala, wanacheza, hofu yetu ni kwako tu uliye mbali. Mtu alikuwa na maneno kumi ya kusema na salamu ya maneno hamsini, na kuiruka hakuthubutu. Phébé aliiandika yote, kila mara, herufi kwa herufi.

Mwalimu Lumbala wa hesabu, ambaye aliwahi kusomea kompyuta Lubumbashi, alikuja siku moja akasimama nyuma yake, akashindwa kuvumilia.

"Mama Phébé, weye unaandika maneno ile ile mara makumi tatu kila siku. Juu ya nini? Uipatie jina mufupi, machine itaandika yenyewe."

Akamwonyesha. Unaandika salamu mara moja, unaichagua yote, unaipa jina la herufi mbili ambazo si neno la kawaida. Wao walichagua *sl*. Tangu hapo ukiandika *sl* na kubonyeza kitufe kimoja cha juu, salamu nzima inamwagika kwenye skrini. Phébé alibonyeza, ikamwagika. Akafuta, akabonyeza tena. Mara ya tano Lumbala alimkumbusha habari ya betri.

"Na wakati haiko hapa," Phébé akamuuliza, "ile maneno yote inabakia wapi?"

"Iko ndani, mama. Inangoja."

Jibu lile lilimtosha kwa wiki nzima ya ndoto. Lumbala alimshauri aanze na majina matatu tu, avizoeze vidole, tena kila mara asome kilichotoka, maana mashine haijui ni nani anayesema. Phébé alianza na matatu, akafika kumi na tisa. Alikuwa na herufi za anwani, za kuaga, za jina refu la ofisi. Foleni ikaisha kabla ya mlio wa betri. Watu walitoka na barua zao wakicheka, na mimi nilijivuna kana kwamba nimeigundua mwenyewe. Nyumbani kwake nilimkuta akibonyeza meza ya jikoni kwa vidole viwili, huku viazi vinaungua.

"Tamar," aliniambia, "kama ingekuwa vile kwa kila kintu? Herufi mbili, na bantu bote ba Mulongo beko kwabo."

"Kabla hujawarudisha kwao, tia maji kwenye viazi," nilimjibu.

Katika nyumba yangu mimi alikaa Émerence wa Mulongo na binti yake Ariane wa miaka sita. Walikuwa wametembea wiki tatu. Mume wake, Timothée, seremala, alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi kabla ya vita, na barua ya kwanza ya Émerence ilimwambia kwamba wamefika na wako kwangu. Salamu ya barua ile ilikuwa ya kweli yote. Ariane alikuwa akinisaidia kumenya karanga, nusu kwenye bakuli na nusu mdomoni, na nikimkemea ananionyesha mikono mitupu. Nilimpenda mtoto yule, sitaki kulizungusha.

Mwezi wa sita surua ilimchukua kwa siku nne.

Tulimzika, na Émerence akakaa kwenye mkeka sebuleni kwangu. Kwao mama aliyefiwa haondoki kwenye mkeka wa kilio mpaka baba wa mtoto afike na kumwinua kwa mkono wake. Alikula pale, akalala pale, sisi wengine tukipita pembeni. Miguu yake ilianza kuvimba. Kila kitu kilingoja Timothée apate habari na aje.

Sasa, kifo hakiandikwi kwenye barua. Mtu atasoma peke yake, bila wa kumshika, na hilo ni ukatili. Unaandika tu: njoo, kuna neno la kusema mdomo kwa mdomo. Lakini salamu huiweki. Barua inayoanza bila salamu, mtu wetu huijua kabla ya mstari wa pili, anaikunja, anatafuta mahali pa kukaa, kisha anatafuta safari. Neno la mdomo kwa mdomo peke yake linaweza kuwa ugomvi wa shamba au posa ya binamu. Salamu iliyokosekana ndiyo inayosema.

Kwa kuwa Émerence hakuweza kutoka, maneno niliyapeleka mimi. Phébé alikuwa amelia nami makaburini, alijua yote. Nilimwambia: "Timothée, kuya. Iko neno ya kusema mdomo kwa mdomo." Akaandika. Betri ikapiga mlio, printa ikakwaruza, nikakunja karatasi ingali moto, nikaitia muhuri mwenyewe na kukimbia nayo. Sikusoma juu. Nani anasoma salamu? Macho yamezoea kuiruka na kutua kwenye habari.

Alhamisi ya pili jibu likaja, pamoja na kifurushi kidogo, lakini askari wa uwanjani walivishikilia mpaka Jumatano. Phébé alivileta kwangu akitembea haraka, jambo ambalo sijawahi kuliona. Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa na askari, naye alikuwa ameshasoma. Alinivuta jikoni, akanipa karatasi.

Timothée aliandika kwa mkono mzuri wa shule. Alifurahi sana, alisema, kusikia kwamba wote ni wazima, na kwamba mtoto anakula, analala, anacheza. Alikuwa ameisoma mistari ile mara nyingi. Lile neno la mdomo alidhani ni mambo ya nyumba, litangoja, kwa sababu amepata kazi ya milango na madirisha mpaka mwezi wa kumi. Viatu vya Ariane amevinunua vikubwa kidogo, avivae mpaka mwakani.

Nilichukua dakika nzima kuelewa, kisha hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Kichwa yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa kwa mutoto," Phébé akasema. "Nilikuwa naona vile alikuwa anakula karanga. Vidole vilienda vyenyewe."

Nilikuwa na mengine ya kumwambia, makali zaidi, yamejipanga tayari. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeikunja barua ile na kuipiga muhuri. Niliona aibu, nikamrudishia karatasi.

Tulifikiri kumficha Émerence. Nakiri, wazo lilikuwa langu: tuandike nyingine kimya kimya, yeye aendelee kungoja. Phébé alikataa. Alienda sebuleni, akapiga magoti ukingoni mwa mkeka, akamweleza habari ya herufi mbili na kitufe, na kwamba kosa ni lake. Kisha akamsomea barua yote, hata pale pa viatu. Shingo yake ilikuwa imelowa machozi.

Émerence alifungua kifurushi. Vilikuwa vyekundu, na kifungo pembeni. Akaingiza vidole ndani ya kimoja, akavisukuma mpaka mbele, kwenye ile nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mwakani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimeshafunga hata mlango.

"Basi kule Lubumbashi," akasema polepole, "mutoto hajakufa bado."

Akamgeukia Phébé.

"Anaamuka asubuhi, Timothée, anaenda ku kazi, anajua mutoto yake anacheza?"

"Njo vile, mama," Phébé akakubali.

"Ndege inakuya siku gani?"

"Kesho. Ninaenda kuandika sasa hivi, betri iko na nguvu kidogo. Kesho kutwa atajua."

Émerence alikuwa bado na mkono ndani ya kiatu. Aliangalia ukuta, pale penye kalenda yangu ya mwaka uliopita, na kwa kitambo akawa na uso wa mtu anayesikiliza watoto nje.

"Usiandike ya kesho," akasema. "Andika ya wiki ingine. Muache abakie naye wiki moja."

Nilisema kwamba haiwezekani. Nilimwonyesha miguu yake. Nilimwambia kila siku ya kuchelewa ni siku nyingine kwenye mkeka, na kwamba hata sisi wenye nyumba tumechoka, jambo ambalo lilikuwa kweli na sikupaswa kulisema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Minyi ninaweza kungoja, mama Tamar," akasema.

Ilikuwa wiki ya ajabu. Sebuleni tulikuwa na kilio, na mjini kwingine, safari ya ndege kutoka hapa, mtoto yuleyule alikuwa akila na kulala na kucheza. Hata mimi, nisiyeota, nilijikuta namenya karanga na kumwona Ariane akivuka barabara pana za Lubumbashi kwa viatu vyekundu vinavyompwaya, baba yake akiranda mbao kando. Sikumwambia Phébé. Ofisini, yeye alianza kuuliza kila mtu wa foleni, kabla ya kubonyeza: "Kwenu, bote beko bazima?" Wengine waliitikia haraka. Wengine walinyamaza kwanza, na hao aliwaandikia herufi kwa herufi. Foleni ikarudi kuwa ndefu.

Jumatano Émerence aliniita mapema. "Sasa," akasema.

Nilisimama nyuma ya Phébé nikisoma kila herufi ikitokea. *Timothée, kuya.* Hakuongeza lingine. Karatasi nyeupe yote ikabaki chini ya maneno yale mawili, na printa ilimaliza kabla hatujaanza kuisikia.

Barua iliondoka kesho yake, na Alhamisi iliyofuata Timothée alishuka kwenye ndege bila mzigo, mtu mwembamba mwenye vumbi la mbao masikioni. Hakuna aliyemweleza chochote njiani, na yeye hakuuliza. Mlangoni alivua viatu. Émerence hakumpa hata nafasi ya kuamkia watu. Alimwambia siku mtoto alipougua, siku alipokufa, mahali alipozikwa. Alimwambia kosa la barua. Kisha akamwambia kwamba tangu tulipolijua kosa, ilipita ndege moja ambayo ingeweza kubeba habari, na ni yeye aliyesema isibebe.

"Nilikuachia naye wiki moja," akasema.

Timothée alihesabu kitu moyoni, labda siku, labda milango aliyotengeneza wiki ile. Kisha akainama, akampa mkono, na Émerence akanyanyuka kutoka mkekani.